Kurejesha Kitu Kibovu Bila ya Stakabadhi

Katika maduka mengi ya Mombasa hubandikwa tangazo kuwa mali ikiisha kuuzwa hairudishwi. Na mwenye kurejea na kitu kibovu huulizwa kwanza stakabadhi; akiwa hanayo, hurudi kwake na hasara yake. Hapo huchanganywa haki na ushahidi wa haki.

Haki ya kurejesha haikutoka katika karatasi, imetoka katika mauzo yenyewe. Mafakihi huiita khiyari ya aibu: ikidhihiri aibu iliyokuwamo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa kitu, naye hakuijua wala hakuiridhia, ana khiyari ya kukirejesha, maadamu hakukawia baada ya kuijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili, na fidia ya hasara iletwayo na kasoro zake. Stakabadhi haikutajwa humo. Ama aliyegeuza nia tu, na kitu ni kizima, huyo ategemee hisani ya muuzaji.

Stakabadhi ni shahidi mmoja katika mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yaruhusu biashara ya mkono kwa mkono isiandikwe, na yaamrisha kushuhudisha watu wakiuziana. Aliyelipa kwa M-Pesa ana shahidi katika simu yake: nambari ya malipo, siku, saa, kiasi cha fedha na jina la aliyelipwa. Lakini shahidi huyo hasemi ni kitu gani kilichonunuliwa, na hapo ndipo daftari la muuzaji lifaapo. Mara nyingi jina la mnunuzi na simu yake vimekwisha kutiwa humo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, mtu ana haki ya kuonyeshwa habari zake zilizowekwa na mwengine. Basi muuzaji asemaye hamjui mteja, hali jina limo daftarini mwake, na aombwe kwa maandishi yenye tarehe, na nakala ihifadhiwe. Akikataa, hushitakiwa kwa Kamishna wa Data, na mashitaka hayo yapasa kumalizwa katika siku 90.

Wako pia watakao nakala ya kitambulisho na habari za nyumbani kabla ya kurudisha shilingi mia tano! Sheria hiyo, kifungu cha 25, hairuhusu kuchukua habari zaidi ya zihitajiwazo kwa jambo lenyewe. Na simu iliyotolewa ili fedha zirudi ni amana. Kuipelekea matangazo ya biashara pasi na idhini ya mwenyewe hakufai, naye aweza kutaka yakomeshwe.