Kikohozi kisichopona si lazima kiwe TB

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja dereva wa lori, mkazi wa hapa Embulbul, alifika kliniki yangu akiwa na kikohozi cha miezi minne. Alikuwa amekonda, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya mawili. Nilifikiria kile ambacho daktari yeyote wa Kenya hufikiria kwanza, yaani kifua kikuu. Makohozi yalipimwa na vijidudu vya TB havikuonekana, lakini eksirei ilikuwa na kivuli upande wa kulia, basi nikamwanzishia dawa za TB. Alirudi baada ya miezi mitatu akitema damu. Ilikuwa saratani ya mapafu, nayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini.

Kosa hilo lilikuwa langu, lakini hutokea mara nyingi katika nchi zenye TB nyingi. Magonjwa haya hufanana kama mapacha: kikohozi, kukonda, maumivu ya kifua, damu katika makohozi, hata kivuli katika eksirei. Mtu anaweza pia kuwa nayo yote mawili. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa TB akimeza dawa sawasawa, kwa kawaida huanza kupata nafuu baada ya majuma machache. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa umemeza dawa hizo miezi miwili na hali haibadiliki, usiziache, ila rudi kwa daktari umwulize waziwazi kama huenda ni TB sugu, au ni kitu kingine kabisa. Daktari hapaswi kukasirika kwa swali hilo. Mimi natamani mzee yule angeniuliza.

Ni nani aliye hatarini? Sigara inatangulia. Tangu 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochunguza wagonjwa wa hospitali za London, jambo hilo halina ubishi tena. Hata hivyo, wapo wanaougua bila kuvuta hata sigara moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha ugonjwa huu, na mwaka 2013 likasema vivyo hivyo kuhusu hewa chafu ya nje. Moshi wa kuni ndani ya nyumba limeuweka katika kundi la vitu vinavyoshukiwa sana. Mama anayepika kwa kuni katika jikoni lisilo na dirisha hana pakiti ya sigara mfukoni, na kwa sababu hiyo madaktari hatumfikirii upesi.

Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Charles Swanton wa London walieleza jinsi vumbi laini la hewani linavyofanya kazi hiyo. Walionyesha kwamba baadhi ya seli za mapafu huwa na hitilafu katika jeni iitwayo EGFR, nazo hukaa kimya miaka mingi bila madhara. Chembe za vumbi huchokoza mapafu yakavimba, na uvimbe huo ndio unaoziamsha seli zilizolala.

Je, kila mvutaji apigwe picha? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulihusisha watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara kwa wingi. Waliopigwa picha za CT za miale kidogo walipungukiwa na vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, wakilinganishwa na waliopigwa eksirei ya kawaida. Ni habari njema, lakini katika kila majibu 100 ya CT yaliyoonyesha alama ya kutiliwa shaka, 96 hayakuwa saratani. Hiyo ni Marekani, ambako TB ni nadra. Huku kwetu, ambako wengi wana makovu ya TB ya zamani, hofu zisizo na msingi zingekuwa nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, asiye na dalili asiuze mbuzi ili apigwe CT. Mwenye dalili, huyo asicheleweshwe.

Picha pekee haithibitishi. Lazima kipande kidogo cha uvimbe kitolewe, kwa sindano au kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, kisha kipelekwe maabara. Kazi hiyo hufanyika katika hospitali kubwa kama Kenyatta, au ile ya Moi mjini Eldoret.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, hukatwa. Wale ambao saratani yao ina hitilafu ya EGFR wana vidonge vya osimertinib: katika matokeo ya mwaka 2023, waliovimeza baada ya upasuaji, 88 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 78 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Zipo pia dawa za kuamsha kinga ya mwili. Bei yake, kwa wengi wetu, ni ya kuuza shamba. Kuacha sigara hakuna bei, na kunasaidia hata baada ya ugonjwa kugunduliwa.

Ukienda kwa daktari, chukua eksirei zako zote za zamani, hata ile iliyo chini ya godoro. Kivuli kilichobaki vilevile kwa miaka mingi huenda ni kovu tu; kilichokua tangu mwaka jana kinahitaji kuchunguzwa juma hilihili.