Filta ya Kuosha au ya Kutupa? Mafunzo Niliyopata kwa Lori la Mpunga

Lori ninalolisimamia ni Fuso, na kazi yake ni kutoa mpunga bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na kuupeleka Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya safari ni lami ya barabara kuu ya TANZAM. Lakini ukiiacha lami kuingia mashambani wakati wa kiangazi, unakutana na vumbi laini kama unga, linalobaki hewani hata lori lililokutangulia limeshapotea machoni. Wenye malori wa huko tunabishana sana juu ya filta ya hewa: uchukue ya pamba, unayoiosha, kuipaka oili na kuirudisha, au ya karatasi ambayo ikichoka unaitupa? Msimamo wangu umetokana na mafunzo haya.

1. Pima vumbi linalopita, bei itafuata

Lita moja ya dizeli huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue vizuri. Tangi la lita 200 likiisha, injini imeshavuta hewa zaidi ya lita milioni mbili. Hewa yote hiyo imepita kwenye filta moja.

Sasa fanya hesabu. Filta inayozuia asilimia 99.9 ya vumbi na inayozuia asilimia 99 zinasikika kama ndugu. Kwa kila kilo moja ya vumbi linaloingia, ya kwanza inapitisha gramu moja, ya pili gramu kumi. Vumbi hilo lina chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha laina. Utando wa oili kati ya ringi za pistoni na laina una unene wa mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo chembe usiyoweza kuiona kwa macho inatosha kukwaruza. Utakuja kuyaona matokeo yake baadaye: injini inakula oili, moshi wa bluu unatoka, lori linakosa nguvu likipanda mlima wa Kitonga.

Kwa kuchuja vumbi laini, karatasi nzuri kwa kawaida huishinda pamba yenye oili. Pamba nayo huishinda karatasi kwa wepesi wa kupitisha hewa. Watu wengi husikia sifa hiyo ya pili wakasahau ya kwanza. K&N, kampuni ya filta za pamba iliyoanzia California mwaka 1969, ilijenga jina lake kwenye mashindano ya pikipiki na magari, na huko hewa nyingi ni ushindi. Lori la mpunga linatafuta kitu kingine: injini idumu miaka mingi bila kufunguliwa.

2. Filta ya kuosha inahitaji mtu, muda na maji safi

Nimekaa na fundi mmoja makini nikatazama anavyoosha filta ya pamba. Aliipulizia dawa ya kusafishia, akaiacha ilowe, kisha akaisuuza kwa maji ya taratibu kutoka upande wa ndani kwenda nje, ili uchafu usisukumwe kuzama zaidi kwenye pamba. Hakuikausha kwa upepo wa kompresa wala kwa moto. Aliiacha ikauke yenyewe. Halafu akapaka oili yake maalumu kila mkunjo, akasubiri karibu nusu saa, akaigeuza kwenye mwanga na kuongeza palipobaki peupe.

Kazi ile ilikuwa safi, na ninaiheshimu. Swali langu ni nani ataifanya saa nne usiku, foleni ya kupakia iko mbele na tajiri wa mzigo anapiga simu. Oili ikiwa pungufu, vumbi linapita. Ikizidi, inavutwa na hewa, na kwenye injini za kisasa zenye kihisi cha hewa inaweza kukichafua. Ikirudishwa mbichi, ni hatari nyingine. Kuiita filta hiyo ya bei nafuu bila kuhesabu dawa, oili na saa ambazo lori limesimama ni kujidanganya.

3. Hata ya karatasi tumeigeuza kuwa ya kuosha

Hapa ndipo penye matatizo makubwa kuliko yote. Mara nyingi lori likisimama kwenye kijiwe cha pancha utasikia, "Fundi, nipigie upepo filta." Kompresa inayojaza matairi ya lori ina presha ya zaidi ya psi 100. Watengenezaji wengi wanaoruhusu kupuliza karatasi wanaweka kikomo cha psi 30 hivi, tena kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa mpira ukae mbali na mikunjo. Zaidi ya hapo karatasi inatoboka matundu madogo sana. Ingiza taa ndani ya filta mahali penye giza, uzungushe polepole: ukiona nukta ya mwanga, filta hiyo imekwisha, hata kama inang'aa kwa usafi.

Wengine huigonga kwenye tairi ili vumbi lidondoke. Ukingo unapinda, mpira wa kuzibia haukai tena sawasawa, na hewa inapata njia ya pembeni. Na kuna wanaoiosha kwa sabuni ya unga. Hilo naomba liachwe kabisa.

4. Uchafu wa macho si kipimo

Tabaka la kwanza la vumbi kwenye karatasi husaidia kunasa chembe ndogo zaidi. Filta iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kabisa. Fuata kiashirio cha kuziba kwa filta kilicho kwenye bomba la hewa: alama nyekundu ikipanda, badilisha. Kama lori lako halina, kifungwe. Kufungua boksi la filta kila jioni ili "kuangalia" ni kulikaribisha vumbi ndani.

5. Filta ya ndani haipigwi upepo

Malori mengi yana filta mbili, na ile ndogo ya ndani ni mlinzi wa mwisho. Haioshwi wala haipulizwi. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila filta kubwa inapobadilishwa mara ya tatu.

6. Pitisha kidole

Fungua bomba baada ya filta, kuelekea turbo, upitishe kidole ndani. Kikitoka na vumbi, kuna njia ya wizi: klipu imelegea, hosi ina ufa, au filta haikukaa vizuri. Hapo filta ya bei yoyote, ya pamba au ya karatasi, haitakusaidia.

Kwa hiyo, kwa lori la dizeli linaloingia vumbini, mimi nanunua ya karatasi, ya ndani na ya nje, kwenye duka la spea linalokubali kurudishiwa bidhaa ikigundulika ni feki. Ya pamba namwachia mwenye gari linaloshinda kwenye lami na mwenye fundi wa kudumu wa kuihudumia. Nanyi wenzangu wa Ubaruku na Rujewa, mavuno yakikaribia, wekeni filta mpya kabini, ndani ya boksi lake, ili dereva asiwe na sababu ya kwenda kupiga upepo.