Somo la Mwezi: Notari wa Umma ni Nani, na Unamhitaji Lini?

Tuseme mkaazi wa Loresho ana kaka anayeishi Houston, Marekani. Kaka ana ploti Nairobi na anataka iuzwe, lakini hawezi kusafiri. Anaandika barua ya kumruhusu dada yake auze, anatia sahihi, anaipiga picha na kuituma kwa simu. Dada anaichapisha, anaipeleka kwa wakili Westlands na kuomba muhuri. Wakili anakataa. Dada anatoka akinung'unika kuwa amenyimwa huduma aliyokuwa tayari kuilipia.

Wakili huyo hakukosea. Ukielewa ni kwa nini, utakuwa umeelewa kazi ya notari, na huenda ukaokoa ardhi ya familia yako.

Kazi yake ni nini?

Notari ni shahidi rasmi. Anapopiga muhuri, anatamka kuwa mtu fulani alifika mbele yake siku fulani, akaonyesha kitambulisho, na akatia sahihi mwenyewe. Akithibitisha nakala ya cheti, anatamka kuwa ameilinganisha na cheti halisi. Muhuri huo hauthibitishi kwamba kila kilichoandikwa ndani ya karatasi ni kweli. Mwenye kuandika ndiye anayebeba mzigo huo, na kuapa uongo ni kosa la jinai nchini Kenya.

Wakili wa Westlands hakumwona kaka akitia sahihi. Angepiga muhuri, angeshuhudia jambo asilolishuhudia.

Notari au kamishna wa viapo?

Hapa ndipo wakaazi wengi huchanganyikiwa. Hawa ni watu wawili tofauti, ingawa wakili mmoja anaweza kuwa na vyeo vyote viwili.

Kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu chini ya Sheria ya Viapo, Sura ya 15. Yeye ndiye anayekuapisha unapotoa hati ya kiapo ya kutumika humu nchini. Mifano ni hii: umepoteza hatimiliki, majina kwenye kitambulisho hayafanani na yale ya cheti cha kuzaliwa, au una kesi mahakamani.

Notari wa umma naye yuko chini ya Sura ya 17. Ni wakili aliyefanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 5, kisha akapewa cheti na Jaji Mkuu. Muhuri wake hutambuliwa nje ya nchi, kwa hivyo mara nyingi humhitaji karatasi inapovuka mpaka: vyeti vya masomo vya kijana aliyepata kazi ng'ambo, idhini ya mzazi kwa mtoto anayesafiri bila yeye, hati za kampuni inayofanya biashara nje, au hati ya uwakilishi itakayotumika katika nchi nyingine.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza ofisi inayoitaka hati: "Mnataka muhuri wa nani?" Usilipie notari pale ambapo kamishna anatosha.

Serikali ya Kaunti haiteui notari wala kamishna. Barua ya chifu nayo ni muhimu kwa mambo mengi, lakini haichukui nafasi ya hati ya kiapo.

Siku ya kwenda

Nenda mwenyewe. Beba kitambulisho au pasipoti halisi, na hati halisi pamoja na nakala zake. Usitie sahihi nyumbani. Subiri uwe mbele yake. Soma kila ukurasa. Kama mzazi wako hawezi kusoma, hati isomwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka alama ya kidole. Kama dini yako hairuhusu kuapa, au huna dini, sheria inakuruhusu kutoa tamko la kukiri badala ya kiapo.

Kabla ya kuondoka, hakikisha hati ina tarehe na mahali ilipotiwa sahihi. Fahamu pia kwamba kamishna haruhusiwi kukuapisha katika kesi ambayo yeye ndiye wakili wako, wala katika jambo lenye maslahi yake. Ndiyo maana wakili wako hukutuma kwa mwenzake wa ofisi jirani.

Kwa hati inayokwenda ng'ambo, muhuri wa notari huwa ni hatua ya kwanza tu. Kwa kawaida hufuata uthibitisho wa Msajili wa Mahakama Kuu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi husika. Anza mapema, wala usingoje wiki ya safari.

Jihadhari na mihuri ya vichochoroni

Muhuri unaweza kuchongwa na yeyote mwenye kifaa. Anayekuahidi "muhuri wa wakili" bila wewe kumwona wakili anakuuzia hasara, kwa sababu hati hiyo ikikataliwa, pesa na muda wako vimekwenda. Cheti cha wakili cha kufanya kazi hutolewa upya kila mwaka. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya (LSK), au fika katika ofisi zao Lavington, barabara ya Gitanga. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba ushauri Kituo Cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973.

Dada afanye nini?

Kaka aende kwa notari huko Houston au ubalozi wa Kenya, Washington, atie sahihi hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili. Hati yenyewe, wala si picha yake, itumwe Nairobi. Kisha ilipiwe ushuru wa stempu na kuandikishwa katika sajili ya ardhi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012.

Njia hii ni ndefu, lakini ndiyo inayomlinda kaka. Kama picha ya simu ingetosha kuuza ploti, basi mtu yeyote mwenye picha ya sahihi yako angeweza kuuza yako.

Jambo la mwisho: kwa kawaida hati ya uwakilishi hufa na aliyeitoa. Kaka akifariki, dada hawezi tena kuitumia. Familia itaanza utaratibu wa mirathi mahakamani. Familia zenye ndugu ng'ambo zisingoje.

Jipime

1. Umepoteza hatimiliki. Utaapa mbele ya nani?
2. Binti yako amepata kazi Dubai na ametakiwa kuthibitisha cheti cha digrii. Aanzie wapi?
3. Jirani anakuomba umpelekee hati yake ikapigwe muhuri kwa sababu ana shughuli. Utamjibu nini?

Majibu: 1. Kamishna wa viapo. 2. Aulize kwanza mwajiri anataka mihuri gani, kisha aende kwa notari na cheti halisi. 3. Mwambie aende mwenyewe, na kitambulisho chake mkononi.