Utamu wa Wanga Watoka Wapi?

Msafiri wa Mombasa na Nairobi hutua Mtito Andei, akaagiza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, pamoja na chai isiyotiwa sukari, kwa kuwa ana maradhi ya kisukari. Hadhari yake ni njema, lakini ni nusu ya hadhari. Naatafune tonge pole pole asimeze, ataona utamu ulimini.

Jueni, ndugu wasomaji, ya kwamba wanga wa nafaka ni chembe za sukari iitwayo glukosi, zilizofungwa moja kwa moja kama mkufu. Pingu zilizo baina yao ni madhubuti mno. Lau mkufu huo ungeachwa katika maji matupu, yangepita mamilioni ya miaka kabla ya nusu ya pingu zake kukatika. Mate yetu huanza kuzikata papo hapo, na mwenye kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho amilesi.

Wala hakikati kwa nguvu kama kisu. Kina bonde ambamo mkufu hulala, na ndani yake mna asidi mbili zilizokabiliana. Ya kwanza huipa pingu haidrojeni, na ya pili hukamata glukosi iliyo upande mmoja wa pingu ile. Hapo pingu hukatika, kipande kimoja kikaenda zake, na cha pili kikabaki mateka. Kisha huingia chembe ya maji. Asidi ya kwanza huichukulia haidrojeni, ikalipwa ile iliyoitoa, na maji yaliyosalia humfungua mateka. Kimeng'enya hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa pingu nyingine. Hatua hizi mbili alizieleza Mmarekani Daniel Koshland mwaka 1953.

Matumbo huimaliza kazi hiyo kwa vimeng'enya vingine, na hapo ndipo tabibu alipopata mlango. Dawa iitwayo akabosi imefanana na mkufu wa wanga. Huingia bondeni ikakaa, isikatike upesi, na sukari ikaingia damuni kidogo kidogo.

Lakini mwenye kuitumia pamoja na dawa nyingine za kushusha sukari aweza kushikwa na jasho na kutetemeka, sukari ikishuka mno. Watu wa nyumbani humkimbilizia mkate, au maji ya sukari ya dukani. Sukari hiyo nayo ni chembe mbili zilizofungwa pamoja, na kimeng'enya cha kuifungua kimezuiwa na dawa ile ile! Apewe glukosi yenyewe, isiyohitaji kukatwa.