Kuvumwani: Mmea Mmoja na Utata wa Jina Lake

Makala haya yanachunguza mmea mdogo ambao aghalabu tunaukanyaga bila kuutazama, na kuuliza iwapo jina tulilo nalo linautosha. Kitaalamu huitwa Funaria hygrometrica. Umeenea katika sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwemo, nao hupenda mno ardhi iliyoungua. Hapa Uasin Gishu, ambako miwati imechomwa makaa kwa miaka mingi, pa kuutafuta ni penye tanuri la zamani, mvua zikishaanza.

Baadhi yetu huuita kuvumwani. Neno hili limeundwa kwa kuvu na mwani, ilhali mmea wenyewe si kuvu wala si mwani: una vijani vya kijani kibichi na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Isitoshe, wapo wanaolitumia neno lilo hilo kwa yale magamba ya kijivu yanayoshika magome ya miti. Hao, kwa maoni yangu, ndio walio na haki, kwani magamba hayo kwa kweli ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja! Basi mmea wetu unabaki bila jina. Neno koga lipo, lakini koga hushika hata mkate.

Tuwaangalie waliouita kwanza kitaalamu. Mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi aliupa jina Mnium hygrometricum. Kisha akaja Johannes Hedwig, daktari aliyetumia darubini kuonyesha viungo vya kiume na vya kike vya mimea ya jamii hii, jambo lililokuwa limewatatiza wengi. Alifariki mwaka 1799. Kitabu chake kikatoka mwaka 1801, nacho ndicho mwanzo rasmi wa majina ya takriban jamii hii yote. Humo mmea uliitwa Funaria, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamba. Sehemu ya pili ya jina yahusu kupima unyevu.

Majina hayo hayakubuniwa mezani. Kikonyo kinachobeba kifuko cha mbegu-vumbi hujisokota kama kamba kikikauka, na hujisokotoa kikilowa. Msomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe: achume kimoja kilichokauka, akipulizie pumzi yenye joto, kisha atazame kile kifuko kikizunguka.