Niliyojifunza Nikionja Madarasa ya Jimu ya Mtaani

Jimu ya mtaani kwetu Sinza, Dar es Salaam, iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari. Ukipanda ngazi unakutana na ratiba iliyobandikwa ukutani: aerobiki, zumba, tabata, yoga, baiskeli. Ada ni moja tu, ukishalipa unaingia darasa lolote. Nikaona niyaonje yote kabla sijatulia na moja, na haya ndiyo niliyoondoka nayo.

1. Mtazame mwalimu kwanza, jina la darasa baadaye.

Pale kwetu aerobiki ina walimu wawili, na kwenye ratiba hakuna kinachowatofautisha. Wa Jumatatu ana mwili wa kupigwa picha. Anasimama mbele ya kioo, mgongo katupa sisi, anajihesabia na kujipigia makofi. Ukianguka nyuma yake atakujua kwa kishindo tu.

Wa Jumatano ni dada mfupi mwenye filimbi shingoni. Kabla hajawasha muziki anauliza: nani ana presha? Nani goti linamsumbua? Kuna mjamzito? Siku moja mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, akanyoosha mkono na kusema goti lake la kulia halitaki kuruka. Dada akamwamkia, shikamoo, kisha akamwonyesha namna ya kutupa mguu pembeni na kuurudisha bila kuruka, mikono ikipanda vilevile. Darasa zima likaendelea kuruka, mama naye akaendelea na lake, na mwisho wa saa alikuwa kalowa jasho kama sisi. Tulipochuchumaa, dada alipita mstari kwa mstari. Kwangu aliinama, akagusa raba yangu na kidole: “Kaka, kisigino chini.” Maneno matatu hayo yaliutua mgongo wangu mzigo mkubwa.

2. Zumba haikuulizi kama unajua kucheza.

Asili yake inasimuliwa hivi: Beto Pérez, mwalimu wa aerobiki wa mji wa Cali, Colombia, alisahau kanda zake za muziki, akaweka kanda za salsa na merenge alizokuwa nazo, darasa likapenda. Sinza salsa hatuijui sana. Tunaanza na Bongo Fleva, tunapita kwenye amapiano, na dakika za mwisho mwalimu anafungulia singeli. Mwenye kuijua singeli ya Dar anajua mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na miguu ya binadamu wa kawaida haiwezi kuyafuata yote. Basi kila mtu anarusha anachoweza.

Wanaume tuko wachache humo, na wengi tunajibanza mstari wa nyuma karibu na mlango. Usisimame hapo. Mwalimu akisema “geuka!”, wa nyuma ndiye anakuwa wa mbele, na hakuna wa kumwiga. Kaa katikati.

3. Siyo kila kinachoitwa tabata ni tabata.

Jina linatokana na Izumi Tabata, mtafiti wa Kijapani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1996. Zoezi lenyewe aliliasisi kocha wa wanamichezo wa kuteleza kwenye barafu, Irisawa Koichi: sekunde 20 za kujituma mpaka mwisho, sekunde 10 za kupumzika, mara nane. Jumla dakika 4. Waliofanyiwa utafiti waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu ambazo mtu hawezi kuzihimili kwa muda mrefu.

Sasa darasa likikwambia tabata ni dakika 45, ujue wamechukua saa ya Tabata wakaacha ukali wake. Si vibaya. Ni zoezi zuri la vipindi, na jasho linatoka. Ila usijilaumu ukiona mwenzako anamaliza huku anacheka; huyo hajitumi mpaka mwisho, anajipimia tu. Kipimo changu ni mdomo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya kati. Ukiishia maneno mawili matatu kisha unatafuta hewa, uko kwenye kasi ya juu, na mgeni hana sababu ya kukaa huko darasa zima.

4. Yoga si mapumziko.

Nilidhani, kama wengi, kuwa ni darasa la kujinyoosha na kusinzia. Jaribu kusimama kwa mguu mmoja, mikono juu, ukihesabu pumzi tano ndefu, uone kifundo cha mguu kinavyotetemeka. Wanaouliza kama ni ibada, swali lao lina msingi, kwa kuwa mizizi yake iko kwenye dini za India. Pale kwetu ni pumzi, mikao na mkeka basi. Mwenye wasiwasi amuulize mwalimu kabla ya kuingia.

5. Maumivu ya kesho yake yana ratiba yake.

Misuli isiyozoea huuma kwa kuchelewa, zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hutulia. Kutembea kidogo kunasaidia kuliko kulala. Lakini maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, au mkojo kugeuka rangi ya kahawia baada ya zoezi zito, hayo ni ya hospitali, siyo ya kuvumilia.

6. Saa ya darasa ina nguvu kuliko nia yako.

Baiskeli nilizipenda, lakini ziko saa 12 jioni, muda ambao mimi niko kwenye foleni ya Ubungo. Aerobiki ya dada wa filimbi ni alfajiri, kabla ya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kasi ya kati kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Madarasa matatu ya dakika 50 yanatimiza hizo 150, ikiwa tu unafika.

Na kuna kundi la WhatsApp. Usipoonekana, mtu anauliza. Ni kweli humo humo huingia pia kadi za michango ya harusi, lakini hiyo ndiyo bei ya kujulikana.

Wewe unayefikiria kuanza: usilipe mwezi mzima siku ya kwanza. Lipia kwa siku, ingia kwa mwalimu mmoja kisha kwa mwingine, na umwangalie kama anauliza habari za presha na magoti kabla ya kuwasha muziki. Asiyeuliza, mwachie kioo chake.