Usukani Unaopwaya: Tukaze, Tutengeneze au Tubadilishe?



Msimu wa karafuu ukifika, gari zetu hufanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Hupanda na kushuka vilima vya Pemba na mizigo ya magunia, na mara nyingi wachumaji wamekaa juu yake. Dereva akizungusha usukani na tairi zisifuate, hatari si ya mwenye gari peke yake. Basi somo letu la leo ni juu ya usukani unaopwaya, nalo lafaa lisomwe kabla ya chumo la kwanza.

Twazungumzia gari zenye boksi la stelingi la gololi, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, na malori mengi. Ndani ya boksi mna parafujo inayozungushwa na usukani. Parafujo hiyo imevaa nati kubwa, na baina yake huzunguka gololi ndogo za chuma. Nati ina meno, nayo husukuma meno ya shafti ya pili. Kwenye ncha ya shafti hiyo umefungwa mkono uitwao pitimani, ambao husukuma na kuvuta fimbo za kugeuzia tairi.

1. Kutafuta kasoro

Si kila mara boksi ndilo bovu. Simamisheni gari mahali tambarare, tairi zote chini, za mbele zikielekea sawasawa. Fungeni breki ya mkono na wekeni vizuizi nyuma ya tairi. Mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, na mwenziwe atazame kila kiungo: viungo vya nguzo ya usukani, pitimani, kisha boljointi moja moja. Kiungo ambacho upande mmoja waenda na wa pili wangoja, hicho ndicho kibovu. Atazame pia bolti zinazoshika boksi, na chesisi penye bolti hizo, maana ufa hapo hulitikisa boksi zima. Lakini ikiwa shafti iingiayo ndani ya boksi yazunguka na pitimani imetulia, hapo kasoro imo ndani ya boksi.

2. Kukaza

Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kuifungia. Madereva wengi humwambia fundi, "Kaza tu!" Haifai kukaza ovyo. Tairi zielekee mbele sawasawa, kwa kuwa meno yametengenezwa yabanane zaidi hapo katikati. Legezeni nati, kazeni skrubu kidogo sana, kisha ishikeni isizunguke mnapofunga nati. Inueni gari mbele kwa jeki, iwekeni juu ya stendi, mzungushe usukani toka mwisho hadi mwisho. Ukikwama popote, rudisheni skrubu nyuma.

Boksi lililobanwa kupita kiasi haliachi usukani urudi wenyewe baada ya kona, na jambo hilo kwenye mteremko ni baya kuliko kupwaya. Tena, meno ya katikati ndiyo yanayolika zaidi, kwa sababu gari huenda mbele zaidi kuliko kukata kona. Mkiona katikati pamekaa vizuri lakini pembeni pakwama, jueni meno yamekwisha, na skrubu si dawa tena.

3. Kutengeneza au kubadilisha

Boksi likifunguliwa, lioshwe na kutazamwa mwangani. Ikiwa parafujo na meno ni laini, huenda yatosha kubadilisha beringi, bushi na sili. Gololi zikibadilishwa, zibadilishwe zote pamoja, za kipimo kimoja. Lakini parafujo ikiwa na vishimo, meno yakiwa yamemeguka au shafti ikiwa na ufa, msikubali kuchomelewa wala kupigwa tupa. Nunueni boksi jingine.

Mkinunua lililokwisha tumika, lizungusheni kwa mkono kabla ya kulipa. Liende laini mwanzo hadi mwisho, wala lisipwaye katikati. Hakikisheni pia ni la gari ya usukani wa kulia.

4. Kufunga

Pitimani ichomolewe kwa pula, isipigwe nyundo, kwani nyundo huumiza beringi na gololi. Itieni alama kabla ya kuitoa. Boksi jipya litafutieni katikati yake: hesabuni mizunguko toka mwisho hadi mwisho, na ikiwa ni minne, rudisheni miwili. Nati na bolti zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na oili iwe ile iliyoandikwa humo, kwa kuwa stelingi ya kawaida na stelingi pawa hazitumii oili moja. Kisha tairi zipimwe mwelekeo. Jaribuni gari polepole bila mzigo, na baada ya siku chache zikagueni bolti tena.

Pula ni chombo ambacho wanachama wa kijiji kimoja wanaweza kuchangia na kuazimana. Gharama ya boksi ni kubwa, twajua, na bei ya karafuu haingoji. Lakini mchumaji anayepanda gari zetu hawezi kutazama chini ya boneti. Ametuamini sisi, na yatupasa tutazame kwa niaba yake.